Ndizi za Darini na Kibao cha Shingoni

Enzi zetu... Najua, najua. Mtu wa miaka kumi na saba ana enzi gani? Ndugu yangu mdogo Jayden, kila nikianza hadithi kwa maneno hayo, hushika kiuno kama mzee wa baraza na kuniuliza, "Enzi zenu mlikuwa mnapigana na simba, Kemunto?" Kisha anarudi kwenye simu ya mama. Lakini mimi nashikilia kwamba ninazo enzi. Sisi tuliokunywa uji wa wimbi shuleni kwa kikombe cha plastiki chenye alama za meno ya mtoto wa mwaka uliopita, sisi tulioshuka mlima tukiwa tumekalia magogo ya migomba mpaka sketi zikatoboka, tuna haki ya kusema enzi zetu. Jayden ana mchezo kwenye simu ambamo mtu anateleza mlimani. Mlima uko nyuma ya nyumba yetu. Hajawahi kuuteleza.

Naandika haya jikoni kwa Magokoro. Ndivyo tunavyomwita bibi huku kwetu, upande wa Ekerenyo, na huyu ni mama wa baba yangu. Nimefunga shule juzi. Yeye ameketi mlangoni kwenye kiti chenye mto, blanketi magotini, anatazama shamba letu la chai linavyoshuka hadi mtoni. Tangu kiharusi kimpate muhula uliopita, hadi jana alikuwa hajatamka neno hata moja. Mguu umerudi kidogo, anatembea akishikwa. Mkono wa kushoto ni mzima. Mdomo ndio haujarudi. Pale hospitalini Nyamira, mtaalamu wa mazoezi alimwambia mama kwamba maneno ya mgonjwa wa namna hii hurudi akiyatafuta mwenyewe, na asipoyatafuta mapema yanaweza kupotea moja kwa moja. Mama aliniambia hayo kwa sauti ya kawaida tu, akichambua mboga za managu, lakini tangu hapo sijatulia. Maana Magokoro ndiye aliyenitafutia maneno yangu yalipopotea. Niache nianzie huko.

Nakumbuka tulipokuwa wadogo, asubuhi za likizo ukungu ulikuwa haujaamka na sisi tumeshaamka. Magokoro alinifunga karatasi ya nailoni kiunoni ili umande usinilowanishe, naye akajitwika kikapu mgongoni, tukaingia kwenye chai. Majani mawili na kichipukizi, majani mawili na kichipukizi. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu na vilienda haraka kuliko macho yangu. Hakuwa anafanya kazi kimya. Alisema na chai, alisema na ndege, alisema na jirani wa ng'ambo ya mto ambaye hata hakuwa anaonekana. Jua likipanda tulirudi kula ndizi mbichi zilizochemshwa, pamoja na chai yenye maziwa mengi mpaka inaacha utando juu ya kikombe. Na juu yetu, darini, kule moshi wa jiko unakopita, ndizi nyingine zilikuwa zinaiva polepole. Harufu ile! Ilikuwa inashuka kidogo kidogo, ikichanganyika na moshi, na mtoto aliyekaa chini yake hakuweza kufikiria kitu kingine. Magokoro alikuwa na fimbo ndefu yenye panda mwishoni ya kuvutia kichane. Ile fimbo hakuigusa mtu mwingine.

Nilikuwa mtoto wa maneno mengi wakati huo. Wanaonijua leo hawaamini. Mama anasema nilikuwa naongea hata nikiwa na uji mdomoni.

Kisha nikaingia darasa la pili na nikakutana na kibao.

Wenzangu mnakijua. Kipande cha mbao chenye tundu na kamba ya katani, kimekuwa cheusi kwa jasho la shingo za watoto. Ukisikika unasema Ekegusii, lugha yetu ya nyumbani, ndani ya uwanja wa shule, unavikwa. Unakaa nacho mpaka umnase mwenzako akisema Ekegusii, ndipo unamvika yeye. Atakayepatikana nacho kengele ya jioni inapolia anachapwa, halafu anabaki kuchota maji ya kupigia deki. Walitaka tujue Kiingereza na Kiswahili. Nia ilikuwa hiyo, nami sisemi ilikuwa mbaya. Lakini tulichojifunza upesi kuliko lugha zote mbili ni uwindaji.

Bingwa wa uwindaji alikuwa Onchiri, jirani yetu, mtoto wa boma la pili. Akivikwa kibao asubuhi, kufikia wakati wa uji hana. Alikuwa anakukanyaga kidole cha mguu kwa kisigino, kisha anatega sikio. Nani hulia kwa Kiingereza akikanyagwa? Mimi aliniwekea kinyonga begani. Nilihisi vile vidole vyake vinavyobana bana, nikageuka, nikaona lile jicho linazunguka peke yake, na nikamwita mama yangu na marehemu babu na Mungu, wote kwa Ekegusii, kwa sauti iliyofika hadi barabarani. Niseme kweli yote: nilijikojolea pia. Onchiri alinivika kibao kwa heshima zote kama anayemvika mtu taji. "Pole, Kemu," akasema kwa Kiswahili safi. "Ni kazi."

Jioni nilichapwa. Kiboko chenyewe nimekisahau. Sijasahau ile kamba ilivyokuwa na unyevu shingoni, wala vicheko vya madarasa ya juu nikipita na ndoo.

Siku iliyofuata nikagundua dawa. Asiyesema hanaswi. Nilifunga mdomo asubuhi, nikaufungua wakati wa uji, nikaufunga tena. Kengele ikalia na sikuwa na kibao. Jamani, utamu wa ile kengele! Nilitembea kwenda nyumbani mwepesi kama pamba. Kesho yake nikafanya vilevile. Ilipofika mwisho wa muhula mwalimu wetu alinisimamisha mbele, mikono mabegani mwangu, akasema, "Mwangalieni Kemunto. Mtoto mwenye adabu. Husikii fyoko wala fyoo." Akanipa penseli mpya yenye kifutio chekundu. Darasa zima likapiga makofi kwa sababu sikuwa nimesema kitu.

Baada ya hapo hata nyumbani maneno hayakutoka. Na hapa ndipo kuna ujinga ambao ni wa watoto wa kibao pekee: tuliamini kile kibao kina masikio hadi kwetu. Onchiri alikuwa anaishi ng'ambo ya ua tu, na alitutangazia kwamba atakayesema Ekegusii hata Jumamosi kanisani, yeye anaandika moyoni na Jumatatu anamvika. Sasa Magokoro alijua lugha moja. Nikimjibu, nimejinasa. Kwa hiyo nilikuwa naitikia kwa kichwa. Akiniuliza nimeshiba, kichwa. Akiniuliza nani amenipiga, kichwa. Mama alidhani nina kiburi, siku moja akachukua fimbo ya kuni. "Utasema leo!" Nikajikunja pembeni ya gunia la wimbi, mdomo ukazidi kukaza. Magokoro akamshika mama mkono.

"Kuku haitwi kwa jiwe," alisema. "Huitwa kwa wimbi."

Mwanzoni naye aliogopa. Alinipeleka kwa akina mama wa kanisa, Sabato baada ya ibada, wakaniwekea mikono kichwani na kuuombea ulimi wangu mpaka jasho likawatoka. Mwisho wakasubiri niseme amina. Onchiri alikuwa dirishani. Amina si Ekegusii, nalijua leo, lakini hofu haisomi sarufi. Sikusema. Tukarudi nyumbani kwa njia ya mtoni, Magokoro mbele, mimi nyuma, na kwa mara ya kwanza yeye pia hakuwa anaongea.

Kesho yake jioni alifunga mlango wa jikoni. Akachukua ile fimbo yenye panda, akavuta kichane kutoka darini. Ndizi fupi, nene, ngozi imeanza madoa. Akaketi kwenye kigoda, akaimenya moja taratibu mbele yangu, akaishika baina yetu.

"Kwana," akasema. Sema.

Sikusema. Hakunigombeza. Akaila yeye, akitafuna kwa starehe kubwa ya kuudhi, akafungua mlango, akaenda kukamua. Jioni ya pili, vilevile. Jioni iliyofuata tumbo lilinisaliti, likanitoka "mh" dogo la uchungu nilipoona kipande cha mwisho kinaingia mdomoni mwake. Magokoro akaacha kutafuna. Akavuta ndizi nyingine upesi, akanipa yote. "Nimesikia," akasema.

Wiki hiyo "mh" ilinunua ndizi. Wiki iliyofuata nikasema "mh" nikanyoosha mkono, akanitazama kama mtu asiyenijua. "Hiyo ni ya wiki jana." Ikabidi neno. Neno likizoeleka, ikabidi maneno mawili yanayoshikana. Kisha akataka habari: shuleni leo kumetokea nini? Na mimi, kwa kuwa mtoto ni mtoto, nilipokosa habari nikatunga. Nikamwambia mwalimu mkuu ametumbukia mtoni na mkoba wake, na mwavuli ukaelea ukienda peke yake. Magokoro alicheka mpaka akashika ubavu. Halafu akavunja ndizi katikati, akanipa nusu.

"Mbona nusu?"

"Ni tamu, lakini ni uongo."

Ijumaa moja jioni, katikati ya hadithi, tulisikia majani yanavunjika nyuma ya ukuta wa jikoni. Nilijua miguu ile. Magokoro hakuinua hata kichwa. "Wewe wa boma la pili," akaita, "utaumwa na mchwa. Ingia."

Onchiri akaingia na kibao shingoni, maana siku hiyo alishindwa kukipitisha kwa mtu, akachapwa, na kwa hasira akaja nacho hadi nyumbani kuwinda mapema. Akasimama mlangoni akinitazama kwa furaha. Alikuwa amenisikia. Mimi nikaona Jumatatu yangu yote. Lakini harufu ilikuwa imeshaanza kumshukia pale alipo. Pua ikamcheza.

Magokoro akamenya ndizi, akaishika juu. "Kwana."

Onchiri akanitazama. Akatazama ndizi. Akashusha sauti, akajaribu, "Ndizi tafadhali." Magokoro akageuza sikio kama kiziwi. Onchiri akameza mate, akajikuna, na ikatoka: "Ritoke." Akaongeza na tafadhali yake kwa Ekegusii, na ombi, na shukrani kabla hajapewa. Aliongea pale kama mto uliofunguliwa. Magokoro alimvua kibao shingoni akakifunikia kikombe cha maziwa ili nzi wasiingie, nasi tukaketi watatu tukila. Hakuna aliyeweza kumsema mwenzake. Jumatatu kibao kilirudi shuleni kikinuka moshi na maziwa, na Onchiri alipita karibu nami kwenye mstari akanong'ona, "Leo tunaenda?" Jioni zote za muhula ule tulienda.

Muhula uliopita, kabla bibi hajaugua, mwalimu wetu wa ushauri nasaha alitufundisha jambo ambalo wengine walisinzia nalo. Alisema tabia ni kama ndama, inarudi mahali ilipopata kitu kizuri. Alisema hata kuondolewa kitu unachokiogopa ni zawadi pia, na lile ulilofanya ili kuepa hofu utalirudia mpaka liwe ngozi yako. Na adhabu, akasema, inajua kuzuia, haijui kufundisha. "Ukimchapa mtoto kwa kusema vibaya, hatajifunza kusema vizuri. Atajifunza kutosema." Nilikuwa nyuma kabisa ya ukumbi. Nilihisi ameniita jina. Nilitaka kunyoosha mkono nimwambie habari za kinyonga na za ndizi za darini. Sikunyoosha. Maneno yangu yalirudi jikoni kwa Magokoro, lakini darasani bado nasikia ile kamba. Ndiyo maana naandika. Onchiri, kwa taarifa yenu, yuko shule ya bweni upande wa Kisii na nasikia ni kapteni wa mdahalo.

Sasa nikitazama siku hizi, sijui niseme nini. Kibao hakionekani tena pale shuleni, na hilo ni jema, sitaki Jayden akivae. Yeye hupewa vibandiko vya nyota kwenye daftari, hata kwa kuchora kuku mwenye miguu mitatu. Lakini wageni wakija nyumbani, mama humwambia, "Nyamaza nikupe simu." Naye amejifunza vizuri: akiona mgeni tu getini anaanza kulia. Nani anamfunza nani hapo, sijui. Anakaa na ile simu saa nzima, jikoni mlemle, chini ya dari ileile, na ukimuuliza shuleni leo kumetokea nini anasema, "Hakuna." Kwa Kiswahili. Ekegusii anakielewa, hakisemi, na hakuna aliyemkataza. Sisi tulinyamazishwa kwa kamba, hawa wananyamazishwa kwa kioo kinachong'aa. Katika watu wazima wote ninaowajua, ni mmoja tu aliyewahi kumlipa mtoto ili aongee.

Na huyo mmoja, tangu nifike, nimeona tunavyomtendea. Akiinua kidole, kikombe kimefika. Akigeuza macho, blanketi limevutwa. Majirani wanakuja na maziwa ya mgando na kumwambia, "Usijisumbue, Mama, pumzika, usiongee." Ni upendo, naapa ni upendo. Lakini nyumba nzima inamzawadia kwa kunyamaza, kama mimi na penseli yangu yenye kifutio chekundu.

Leo asubuhi, alipomaliza uji wake na nikahakikisha ameshiba, nilichukua ile fimbo yenye panda. Sikuwa nimewahi kuigusa. Nikavuta kichane, nikachagua ndizi laini, ambayo daktari amesema anaweza kula, nikakaa kwenye kigoda mbele yake. Nikaimenya. Akanyoosha mkono wa kushoto. Nikairudisha nyuma kidogo.

Hakuna jambo gumu nimewahi kufanya kama kurudisha nyuma ile ndizi.

"Kemunto!" Mama alikuwa kwenye karai la vyombo. "Unamchezea mgonjwa?"

"Ameshakunywa uji, mama."

"Kwani ndizi ni ya kumringia mtu? Mpe!"

"Mpe tu, Kemu," Jayden akasema bila kuinua macho kwenye simu. "Ata mimi naskia vibaya."

Nilipaswa kusema lile neno lake. Ndilo pekee lililobaki. Lakini mama ananitazama, ndugu yangu yuko pale, na mdomo wangu ukakaza kama siku ile pembeni ya gunia la wimbi. Tukakaa hivyo, mimi na bibi yangu, watu wawili wasiosema, ndizi katikati. Macho yake yalienda kwenye ndizi, yakaja kwangu, yakaenda juu darini, na hapo nikayaona yakibana. Alikumbuka. Upande mzima wa mdomo wake ukaanza kuhangaika. Ikatoka pumzi, kisha sauti kama ya mtu anayevuta kitu kizito kutoka kisimani.

"Kw..."

Nikamega kipande haraka, nikamtia mdomoni. "Nimesikia," nikasema. Alitafuna muda mrefu akinitazama. Mama alikuwa ameacha mikono ndani ya maji.

"Kwana."

Lilitoka limepinda, kama mdomo wenyewe, lakini lilikuwa neno zima. Machozi yakanijaa, nikampelekea ndizi yote iliyobaki. Akaisukuma. Akatikisa kichwa, akaninyooshea kidevu. Ndipo nikaelewa kwamba hakuwa ananijibu. Alikuwa ananiamuru niseme. Mimi ndiye niliyekuwa nimeketi pale bila kusema.

Kwa hiyo nikasema. Kwa Ekegusii, mbele ya mama na Jayden, sauti ikinipasuka, nikamwambia Magokoro kwamba jana mwalimu mkuu wetu alitumbukia mtoni na mkoba wake, na mwavuli ukaelea ukienda peke yake.

Jayden akaweka simu chini. "Ati nini? Mwalimu mkuu yupi?"

Mabega ya Magokoro yakaanza kutikisika. Akaishika ndizi mkononi mwangu kwa ule mkono wake mzima, akaikunja taratibu mpaka ikavunjika, akaniachia kipande changu.

Nusu. Hata sasa, uongo haupati ndizi nzima.